Mitetea Wageni na Mashauri 33

Ufugaji wa kuku wa kienyeji katika nyua za Afrika Mashariki una kanuni moja ambayo haijaandikwa popote, na ambayo kila mfugaji huivunja mara tu apatapo fedha kidogo: kundi la kuku wazima waliokwisha kuzoeana halipokei nyongeza, hupokea uvamizi. Mfugaji anaporudi kutoka sokoni na mitetea watatu, yaani majike waliokomaa na kuanza kutaga, yeye hujumlisha tu; alikuwa na mitetea 10, sasa anao 13, na mayai nayo yataongezeka kwa kadiri hiyo. Kuku waliomo uani hawajumlishi. Wao wana hesabu yao, na kwa bahati mbaya ya mfugaji, hesabu yao ndiyo sahihi.

Hesabu hiyo ilielezwa kitaalamu na Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyezaliwa mwaka 1894, ambaye tangu utotoni aliwatazama kuku na kuweka kumbukumbu ya nani anamdonoa nani, na ambaye mwaka 1922 alichapisha kwa Kijerumani matokeo ya utazamaji huo. Alichokieleza ni ngazi ya kudonoana, yaani mpangilio ambamo kila kuku humtambua kila mwenzake kwa sura, akajua ni yupi ana haki ya kumdonoa na ni yupi ambaye yeye mwenyewe anaweza kumdonoa bila kujibiwa. La kuzingatia ni kwamba ngazi hiyo haiwekwi na mkutano wa kundi zima, bali huamuliwa na kuku wawili wawili, kila jozi kwa wakati wake, hata ikawezekana wa kwanza akamtawala wa pili, wa pili akamtawala wa tatu, na wa tatu akamtawala yule wa kwanza, jambo ambalo lingevunja serikali yoyote ya wanadamu lakini kuku huishi nalo bila taabu. Majogoo wana ngazi yao mbali, na majike yao mbali. Mitetea 10, basi, hufanya jozi 45, na kila jozi ilikwisha kukata shauri lake zamani. Wakiingia wageni watatu wasiojuana, jozi huwa 78. Maana yake ni kwamba aliyedhani amenunua kuku watatu amenunua mashauri mapya 33, nayo yote yatasikilizwa asubuhi moja, katika ua mmoja, kabla ya chai.

Yapo kwanza masuala ya afya, ambayo wafugaji wengi huyakubali kwa maneno. Kuku wa sokoni, hasa wale wasafirishwao kutoka mikoa kama Singida hadi Dar es Salaam wakiwa wamesongamana ndani ya matenga, hutoka katika nyumba nyingi tofauti, na miongoni mwao huweza kuwamo mwenye mdondo, ugonjwa wa virusi unaomharisha kuku kinyesi cha kijani, ukampinda shingo, na usiobakiza karibu yeyote katika kundi lisilochanjwa. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingi za zamani na inayotiwa tone moja jichoni, ipo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Lakini kwa kuwa hakuna muuzaji aliyewahi kukiri kwamba kuku wake hawakuchanjwa, wageni hawana budi kutengwa kwa majuma mawili au zaidi, na manyoya yao yapekuliwe yasiwe na utitiri wala chawa. Hapo ndipo nyumba nyingi hugundua kwamba hazina mahali pa kutenga kitu chochote. Wageni huishia stoo, ambako hulala juu ya gunia la mchele, au katika bafu la nje, ambako kila mwenye haja ya kuoga hulazimika kuomba radhi kwanza. Nao utengaji wenyewe hufanywa kwa ukali mkubwa, ila kwamba mtu yule yule, akiwa na ndoo ile ile na ndala zile zile zenye ushahidi wa alikopita, hutoka kwa wageni akaenda moja kwa moja kuwalisha wenyeji.

Muda wa kutengwa ukiisha, au subira ya wanaotaka kuoga ikiisha, ambayo kwa kawaida hutangulia, mfugaji hukumbuka hila ya usiku. Hila hiyo ni kuwachukua wageni gizani, wakati kuku haoni vizuri na hapendi kushuka alipolala, na kuwapachika katikati ya wenyeji kwenye ulalo, yaani ule mti uliopitishwa bandani ili kuku walalie, kwa imani kwamba kutakapopambazuka kila mmoja atadhani mwenzake alikuwapo siku zote. Imani hii inamdhania kuku usahaulifu ambao hana. Usiku kweli hupita kwa amani, isipokuwa manung'uniko ya kusogezana, mithili ya abiria wa daladala iliyojaa wanapoambiwa wabanane kidogo nyuma kuna nafasi. Lakini kuku humtambua mwenzake zaidi kwa kichwa, kwa umbo na rangi ya undu, ile nyama nyekundu ya utosini, na nuru ya kwanza ikiingia kwenye upenyo wa mlango, vichwa vitatu visivyojulikana huonekana vyote kwa pamoja. Manufaa ya hila ya usiku ni kwamba ugomvi huanza saa kumi na mbili asubuhi badala ya jioni, mfugaji akiwa bado kitandani.

Wazee wa pwani na bara walikuwa na dawa yao, nayo imehifadhiwa katika methali isemayo kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kipande cha kitambaa au kamba hufungwa juu ya kidole cha nyuma, ncha ya pili kwenye kigingi au shina la mpapai, na kuku hukaa hivyo siku kadhaa hadi ajue kwamba hapa ndipo kwake. Kwa kuzuia kupotea, dawa hiyo haina mpinzani, kwa maana mtetea aliyefunguliwa mapema hupatikana usiku juu ya mwembe wa jirani, akishushwa kwa fito na watu wanne wenye mawazo manne tofauti. Kwa upande wa ugomvi, hata hivyo, kamba ina kasoro kubwa. Kuku anayeshindwa humaliza shauri kwa kukimbia. Hatua tano au sita za mbio ndizo hati yake ya kukubali hukumu, na mshindi akishaziona huridhika na kurudi kupekua taka. Mgeni aliyefungwa hukimbia hatua mbili, kamba ikamrudisha, na mshindi, akiona mshtakiwa amerejea mwenyewe mahakamani, huchukulia kwamba hukumu imekatiwa rufaa. Kilicho bora zaidi ni tenga, kikapu kile kile kikubwa cha fito alichosafiria, likifunikwa juu yake mchana uani na kuwekewa jiwe: anaonekana, anaona, anasikia kila tusi, wala hakuna mdomo unaomfikia. Wenye uwezo hutenga kona kwa waya wa kuku kwa juma moja hivi, na matokeo huwa yale yale kwa gharama kubwa zaidi.

Ni katika siku hizo za tenga ambapo majogoo hujitokeza, na hapa matarajio ya mfugaji huenda upande usio wao. Mfugaji humwogopa jogoo, akidhani ndiye atakayewapiga wageni, au humtegemea, akidhani ndiye atakayetunza amani kama mzee wa mtaa. Jogoo hana nia na lolote kati ya hayo. Yeye ameona majike wapya, na tangu saa hiyo hushusha bawa moja hadi ncha yake ikwaruze udongo, akazunguka tenga kwa miguu ya pembeni, kisha huokota punje na kuiangusha, huku akitoa ule mlio wa haraka haraka wa kuita majike waje kula. Watafiti wa tabia za ndege wameona kwamba mlio huo hutolewa pia pasipo na chakula chochote, hasa jike anapokuwa mbali, na kwa hakika jogoo aliyesimama mbele ya tenga akitangaza karamu ya kijiti kikavu ni mtu wa kutazamwa kwa makini na kila mwenye binti. Jogoo wa pili, ambaye kwa kawaida hungoja mkubwa wake awike ndipo naye awike, huitumia shughuli hiyo kuwatembelea wenyeji nyuma ya choo.

Haifai kumlaumu jogoo mno. Uwiano unaopendekezwa ni jogoo mmoja kwa mitetea wanane hadi 10, na katika ua wenye majogoo wawili na majike wachache, migongo ya majike hunyonyoka manyoya kwa kukanyagwa, hivyo kwamba wageni huja hasa kuwapunguzia wenyeji mzigo. Wenyeji hawaoni hivyo. Jogoo mwema huingia kati majike wanapopigana, lakini huingia kati hata mahali asipohitajika: mfugaji anapomshika mgeni ili ampake dawa ya kidonda, mgeni akapiga kelele, jogoo humvaa mfugaji kwenye muundi kwa kipi, ile pembe ngumu iliyo nyuma ya mguu wake. Wakati huo mfugaji hupata kufahamu kwamba naye ana nafasi yake katika ngazi, na kwamba si ya juu kama alivyodhani.

Ajabu kubwa zaidi ni kwamba mkali kwa wageni mara nyingi si mtetea mkuu. Mkuu hudonoa mara moja, kwa ajili ya kumbukumbu, akaendelea na shughuli zake. Anayewafuata kutwa nzima, akawanyima maji na kuwavizia mlangoni, ni yule kishingo mnyonge, asiye na manyoya shingoni, aliyekuwa wa mwisho siku zote, aliyetengewa pumba zake pembeni na mama mwenye nyumba kwa huruma. Amekaa miaka miwili bila wa kumdonoa, na leo wameletwa watatu. Dhidi yake husaidia kuongeza vyombo vya chakula na maji ili asiweze kuvilinda vyote, kutundika fungu la mchicha mahali pa kurukiwa, na kuegemeza mabati ukutani ili anayefukuzwa apate pa kupotelea. Damu ikitoka, aliyeumia aondolewe hadi kidonda kifunikwe kwa dawa ya rangi ya zambarau, kwa kuwa kuku wote, ndugu na maadui, hudonoa chekundu. Hali huwa nyingine kabisa ikiwa mmoja wa wageni ni kuchi, jamii ile ya kuku warefu waliozoea kupigana: huyo hukata mashauri yake 10 na wenyeji kabla ya adhuhuri, na ni wenyeji wanaohitaji mabati.

Majuma mawili au matatu yakipita, wageni na wenyeji huoga vumbi katika shimo moja, ingawa si kwa wakati mmoja na kishingo. Mayai ndiyo hayajaja. Mabadiliko humfanya mtetea asimamishe kutaga, na ghasia huwafanya wenyeji nao wasimamishe, hivyo mfugaji wa kuku 13 hununua mayai dukani kwa mara ya kwanza tangu aanze kufuga. Yakirejea, hurejea na shauri ambalo halikuwamo katika yale 33, kwani viota viko sita, vyote vina majani makavu yale yale, na mitetea wote 13 wanakitaka kile cha kushoto karibu na mlango. Wawili huwa ndani yake wamelaliana, wa tatu amesimama mlangoni akilalamika, na nje majogoo wote wawili wanatetea kwa sauti ya juu, utadhani mayai wanayataga wao.