Sifa za Kigari Kisicho na Springi

Naandika haya nikiwa nimekalia mito miwili. Washairi wa pwani walishasifu jahazi, wakasifu mnazi, wakasifu hata tambuu, lakini gokati haijapata msemaji. Mimi niliyeipanda mara moja tu, kwa dakika kumi, nikashushwa na vijana wawili walionishika makwapani, nimejitolea.

Kwa asiyeijua: ni fremu ya mabomba ya chuma iliyolala karibu iguse lami, magurudumu manne madogo kama ya toroli, kiti cha plastiki ngumu, na ubavuni injini ya petroli, ndugu wa damu wa ile inayonguruma nje ya duka umeme ukikatika. Haina gia, haina mlango, haina honi. Ilibuniwa California mwaka 1956 na Mmarekani aitwaye Art Ingels, kwa injini ya mashine ya kukatia majani. Ingels alikuwa fundi wa Kurtis Kraft, kiwanda cha magari ya mashindano, kwa hiyo usidhani hakujua gari linahitaji nini. Alijua vizuri sana, akaviacha vyote kazini.

Fadhila ndogo nizipitie upesi. Hubeba mtu mmoja, hivyo hakuna atakayekuomba lifti. Ni mlezi mwema: Senna, Schumacher na Hamilton wote wamekulia humo. Tena haina masomo mengi. Mguu wa kulia mafuta, wa kushoto breki, basi. Sema mguu wangu wa kushoto umeishi miaka ishirini na klachi, na kona ya kwanza ilipofika uliitafuta kwa uaminifu wote. Kwa kawaida gokati ya kukodi hufunga breki magurudumu ya nyuma peke yake. Nilizunguka nusu duara, nikajikuta natazamana na wenzangu wanaokuja. Nikawapungia mkono. Nilikuwa na neno gani jingine la kuwaambia?

Lakini hizo ni kachumbari. Pilau lenyewe ni hili: gokati haina springi. Haina shokapu, haina bushi, haina chochote kati ya barabara na mgongo wako isipokuwa ile plastiki. Na mimi, baada ya kulitafakari jambo hili kwa siku nne nikiwa nimelala kifudifudi, nimefikia kuamini kwamba springi ni chombo cha unafiki. Barabara inasema neno zito kwenye tairi. Springi inalipokea, inalipunguza makali, inaondoa yasiyofurahisha, halafu inamfikishia bwana mkubwa aliyekaa juu salamu tu. Gokati haina karani huyo. Niliipanda kokoto moja, ndogo kama punje ya choroko, na taarifa zake ziliingia pingili ya chini kabisa ya uti wa mgongo, zikapanda pingili baada ya pingili kama mdai anayepanda ghorofa akigonga kila mlango, mpaka zikafika kwenye jino nililozibwa mwaka 2011. Jino likakumbuka. Mistari ya rangi niliisoma kwa makalio, na naapa ningeweza kukwambia upi umepakwa juzi.

Hata ekseli yake haijui maneno ya pembeni. Ni chuma kimoja, magurudumu ya nyuma yanazunguka pamoja yakitaka yasitake, na kwenye kona, gurudumu la upande wa ndani sharti linyanyuke kidogo ndipo kigari kipinde. Lisiponyanyuka, unakwenda moja kwa moja kwenye matairi ya ukutani, na huna wa kumlaumu. Mkwe atakwambia lililo moyoni mwake baada ya miaka ishirini, tena msibani. Gokati hukwambia sekunde ya pili. Ningekuwa na cheo, ningeagiza shahidi yeyote mahakamani ale kiapo akiwa ameketi humo, na injini inawaka.

Tulifikaje huko? Kwa ziara ya mafunzo. Halmashauri yetu, ambayo jina lake halina msaada hapa, ilituma watu tisa Nairobi kwa siku tano tukajifunze jinsi wenzetu wanavyotunza barabara za mitaa. Mimi nilikwenda kama mwandishi wa mihtasari. Siku ya tatu, mchana, ratiba ilisema "mafunzo kwa vitendo", na gari likatushusha kwenye uwanja wa gokati. Posho ya siku hiyo ilikuwa kamili.

Mkuu wa idara yetu, naye mmoja wa hao tisa, husafiri kwa shangingi, lenye viti vya ngozi na springi zenye elimu kuliko wajumbe wote wa kamati. Njia ya kwenda ofisini kwetu ina shimo, pale kona ya mwembeni. Shimo hilo nimeliandika mwenyewe kwenye mihtasari tangu 2019, kila mara na maneno yaleyale: suala linafanyiwa kazi. Nimewahi kupita juu yake ndani ya shangingi, nimekaa pembeni ya mkuu ameshika kikombe cha chai. Chai haikucheza. Akanigeukia akasema wananchi wa siku hizi wanapenda sana kulalamika. Na hakuwa anasema uongo, hilo ndilo linaloniuma. Hajawahi kukutana na lile shimo.

Jirani yangu amekutana nalo. Bajaji ililala ubavu akiwa na trei sita za mayai anapeleka sokoni. Mayai 180. Aliandika barua, barua niliipokea mimi, nikaigonga muhuri, nikaiingiza kwenye faili ninalojua halifunguliwi. Kila asubuhi nampita mama yule akinisalimia kwa adabu, "Shikamoo kaka, vipi ile barua?", nami namjibu kama springi: inafanyiwa kazi, dada. Halafu watu tisa tunavuka mpaka kwenda kujifunza shimo linazibwaje! Shimo linazibwa kwa kuzibwa.

Niwieni radhi. Nilikuwa nasifu.

Mkuu naye alipanda. Helmeti iliingia kwa kusukumwa na watu wawili, na usukani ukapata makazi kwenye kitambi. Alikwenda kwa mwendo wa msafara wa mwenge, na sote tukajipanga nyuma yake, kwani nani ampite mkuu? Kijana wa pembeni akamwonyesha bendera ya buluu, ambayo kwenye mchezo huu maana yake ni kwamba nyuma yako kuna mwenye kasi, mpishe. Mkuu akaidhani ni heshima ya mapokezi. Akamwinulia mkono. Mzunguko uliofuata akaonyeshwa tena, akainua tena, safari hii akiongeza tabasamu.

Mzunguko wa nne akapita juu ya ufa. Upana wake hauzidi kidole changu cha shahada. Nilikwenda kuupima baadaye, ni tabia ya kazi. Gokati ikamfikishia taarifa bila kupunguza neno. Alisimama palepale katikati ya njia, akavua helmeti, uso umekuwa wa rangi ya jivu, akaita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kikaoni: "Barabara gani hii? Mnawezaje kupitisha watu mahali kama hapa? Nani anahusika?"

"Pole sana mzee," kijana akasema, "tutarekebisha."

Nilitazama saa. Hatujamaliza kurudisha helmeti, kijana amekuja na ndoo na mwiko, amepiga magoti, ameziba. Dakika kumi na saba. Mkuu alisimama na mkono kiunoni akisimamia kazi, akaniagiza niandike kwamba uwajibikaji wa namna ile ni wa kuigwa.

Nimeandika. Taarifa ya ziara ina kurasa kumi na mbili na picha. Kwenye mapendekezo nimeweka moja tu: halmashauri inunue gokati, iwe usafiri rasmi wa mkuu wa idara kutoka nyumbani hadi ofisini, kupitia mwembeni. Jana asubuhi faili limerudi mezani kwangu. Hajakataa. Pembeni ya pendekezo ameandika kwa kalamu nyekundu: "Je, zipo zenye springi?"