Yaya Asiyelala

Ikifika Juni na Julai, baridi ya Njombe haina adabu, na upepo wa Makambako haupigi hodi. Mtoto wa miaka miwili anafungiwa ndani, mzazi anamkabidhi yaya asiyedai mshahara: simu. Kisha anajisifu, "Mwanangu ana akili, anafungua katuni mwenyewe!" Hongera, baba. Kuvaa viatu atajifunza akistaafu.

Wakati huohuo, kapu la viazi mviringo limekaa kona. Chagua vikubwa visivyoingia mdomoni, vipange mstari: mabehewa ya TAZARA hayo, yanaingia stesheni ya Makambako. Sufuria na mwiko: ngoma ipo. Blanketi juu ya viti viwili: nyumba imesimama bila kibali cha halmashauri. Jiko la mkaa tu ndilo libaki nje. Hewa yake ya sumu haina harufu wala mchezo.

Tatizo, viazi havina chaja, wala havimpi mzazi cha kuwatambia wageni. Basi vitapikwa, na mtoto atalishwa macho yakiwa kwenye kioo, asijue hata amemeza nini.