Kafa Ulaya Apandishwa Cheo

Mtumba, kwa maana yake ya awali, ni furushi au robota, na ndiyo sababu nguo kuukuu zinazoingia Afrika Mashariki zikiwa zimefungwa kwa marobota zikaitwa mitumba. Wazee wasiopenda kupamba maneno waliziita kafa Ulaya, kwa dhana kwamba mwenye koti alikwisha kuzikwa bila koti lake. Nguo hizo hizo, zikishachambuliwa Gikomba, Nairobi, zikapigwa pasi na kutundikwa katika duka lenye taa hafifu, kando ya sanduku la santuri, hubadilishwa jina na kuwa "vinteji", neno ambalo maana yake sokoni ni kwamba bei imepanda ilhali kifungo kilichopotea bado hakijapatikana. Santuri nazo, yaani sahani za muziki za plastiki ya PVC, jamaa wa karibu wa bomba la maji, zimepata heshima ya namna hiyo: ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, ambayo katika miaka ya 1970 ililazimisha wimbo mrefu wa rumba ukatwe vipande viwili, hata mchezaji akaacha dansi katikati kwenda kuigeuza, sasa husifiwa kwa mchakacho wake, kasoro ambayo wenye duka huiita ladha halisi. Mnunuzi huiinua kwenye mwanga, hukagua mifereji yake kama daktari wa macho, hulipa bila kuomba apunguziwe (jambo ambalo Gikomba lingehesabiwa kuwa dalili ya homa), kisha huondoka na koti la marehemu begani na santuri ambayo hana hata mashine ya kuipigia.