Safari ya Ng'ambo

Tangazo lilibandikwa juu ya mizani ya magunia, mahali ambapo hakuna mfanyakazi ambaye angeweza kusema hakuliona. Kampuni yetu, ambayo huuza mbegu na mbolea hapa Eldoret, ilikuwa imevuka lengo la mauzo la msimu wa upanzi. Kwa hiyo wafanyakazi 18 wangepelekwa likizo ng'ambo kwa gharama ya kampuni. Meneja aliandika "ng'ambo" tu. Hakuandika wapi.

Chai ya saa nne ilipoletwa, ng'ambo ilikuwa imeshakuwa Dubai. Kufikia adhuhuri mhasibu alikuwa amempigia mkewe simu kuhusu dhahabu. Jioni dereva wa lori aliaga kila mtu kwa "shukran habibi", na akaendelea hivyo wiki nzima. Mimi ni karani wa stoo. Safari yangu ndefu kabisa kuelekea nje ya nchi ilikuwa Malaba, na huko nilifika upande wa Kenya, nikakabidhi mzigo, nikageuka.

Baada ya wiki tatu meneja alitaja jina: Zanzibar, mwezi wa Novemba, kwa basi mpaka Dar es Salaam, kisha kwa boti. Novemba ni vuli. Mvua hunyesha na vyumba vya wageni hushuka bei, na meneja wetu ni mtu anayenunua mbolea kabla ya msimu.

Manung'uniko yakawa mengi. Mhasibu ndiye aliyeyapa hoja. Alisema Zanzibar ni Tanzania, na Tanzania ni jirani, na kwa jirani hakuitwi ng'ambo. Ng'ambo, alisema, ni pale unapofika ukakuta watu msioelewana nao lugha. Sote tulimuunga mkono, kwa Kiswahili.

Nikaenda kutafuta pasipoti. Picha yake inanionyesha kama mtu aliyeibiwa dakika ile ile. Nikadungwa chanjo ya homa ya manjano, nikapewa cheti chake. Mama naye aliposikia kwamba nitavuka bahari, alinijazia mursik lita tatu. Kwa asiyeyajua, mursik ni maziwa ya kugandishwa ya Wakalenjin, ambayo hutiwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa, ndipo yanapokuwa ya kijivu yenye vidoa vyeusi. Wanariadha wetu wakirudi na medali hupokewa nayo uwanja wa ndege. Mama aliona hakuna haja ya kungoja mpaka nishinde kitu. Kwa kuwa kibuyu kingevunjika njiani, aliyahamishia kwenye mtungi wa plastiki na kukaza kifuniko kwa nguvu zake zote, na mama yangu amekamua ng'ombe miaka 40.

Kosa letu sote wawili lilikuwa kusahau kwamba mursik ni kitu kilicho hai. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na baridi ya huko huyatuliza. Tulipopita Namanga yalikuwa yametulia. Arusha pia. Baada ya hapo barabara ikaanza kuteremka, joto likapanda, na mtungi miguuni mwangu ukaanza kunenepa. Nilipoamka karibu na Dar ulikuwa umekuwa mviringo kabisa na haukuweza tena kusimama.

Bandarini mizigo ilipitishwa kwenye mashine. Askari alinyoosha kidole.

"Kijana, hiki nini?"

"Maziwa, afande."

"Maziwa gani meusi?"

"Yametiwa mkaa."

Akaniangalia kwa muda. Kisha akamwita mwenzake. "Fungua."

"Afande, afadhali nisifungue hapa."

Hayo ndiyo maneno ambayo mtu hapaswi kumwambia askari wa bandari kuhusu mzigo wowote. Wakarudi nyuma hatua mbili, wakaniamuru kwa pamoja. Nikafungua. Sitaeleza sana. Kifuniko sikukiona tena, na dari ya kibanda kile ina alama. Afande alijilamba mdomo wa juu bila kukusudia, akanyamaza, akafikiri, akasema: "Si mabaya." Akaturuhusu kupita.

Boti ziendazo kasi huchukua saa mbili hivi kufika Unguja. Kwetu maji hukaa mahali pake. Mto Sosiani unapita katikati ya mji bila kumsumbua mtu. Hapa sakafu ilipanda, ikashuka, ikafikiria, ikapanda tena. Mabaharia walipita wakigawa mifuko ya kutapikia kwa upole wa watu wanaogawa biskuti. Mhasibu aliyesema hii si ng'ambo alitumia mitano. Tulipofika bandari ya Zanzibar tulikuta dirisha jingine la uhamiaji na muhuri mwingine, ingawa tulikuwa tumeshagongewa muhuri wa Tanzania kule Namanga. Hilo lilimpa nafuu. Nchi moja, mihuri miwili: alihesabu kama faida.

Gari lililotupokea halikusimama Mji Mkongwe wenye milango ya kuchongwa ambayo tuliiona kwenye picha. Lilipita Darajani likaendelea, likatufikisha nyumba ya wageni jirani na Michenzani, yale maghorofa marefu yaliyojengwa enzi za Rais Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Ndipo mama akapiga simu.

"Umefika ng'ambo?"

Nilikuwa bado natafuta jibu la heshima. Dereva alisikia, akageuka. "Mwambie ndiyo. Hapa ndipo Ng'ambo."

Nilidhani ananitania. Kumbe ndilo jina la mtaa wenyewe. Zamani kulikuwa na hori la bahari lililotenga Mji Mkongwe na upande wa pili, na walioishi upande huo waliambiwa wako ng'ambo. Hori likafukiwa, lile daraja likabaki kwenye jina la Darajani, na Ng'ambo ikabaki Ng'ambo. Meneja alipoelezwa alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyejua tangu mwanzo. Hakujua.

Mlinzi wa nyumba ile alikuwa mzee wa kanzu na kofia, aliyekaa barazani na redio ndogo. Jioni nilitoka kupunga hewa, nikamchangamkia kama tunavyochangamkiana nyumbani.

"Sasa, mzee!"

Akatazama saa yake ya mkononi. "Sasa saa moja na robo."

Nikajaribu tena. "Habari yako?"

"Njema." Akanyamaza, ananitazama. Palikuwa na kitu anachokingoja, nami sikukijua, mpaka mtoto wa miaka kama sita alipopita na sahani ya vitumbua akasema "Shikamoo, babu," akaitikiwa "Marahaba, mjukuu wangu." Nikaona haya. Shikamoo niliisoma darasa la tatu na nikaiacha huko huko, pamoja na ngeli.

Nilipoitoa, ikiwa imechelewa, aliipokea vizuri na kunisogezea nafasi.

"Mwatoka wapi?"

"Sitini na Nne."

Mzee alizima redio. "Sitini na nne?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nimezaliwa huko huko."

Akanikagua uso kwa makini. "Umejitunza," akasema.

Ilituchukua robo saa kutoka kwenye shimo hilo. Kwetu, Sitini na Nne ni Eldoret yenyewe. Posta ya kwanza ilijengwa kwenye shamba lililopewa nambari 64, na hata baada ya kuwa jiji mwaka 2024 watu wa makamo wanaliita hivyo. Unguja, sitini na nne ni mwaka: Mapinduzi tarehe 12 Januari, Muungano tarehe 26 Aprili, na kila mzee anajua alikuwa wapi asubuhi ile. Sisi tunataja kiwanja. Wao wanataja siku dunia ilipogeuka. Tangu hapo niliambia watu natoka Eldoret, jambo ambalo, kama utakavyoona, lilinigharimu zaidi.

Usiku huo huo, yapata saa nne, taa zikazimika. Nikapapasa ukuta mpaka mlangoni, nikapaza sauti kuelekea barazani:

"Mzee! Stima imepotea!"

Nilisikia kiti kikianguka. Alikuja na tochi kwa mwendo ambao sikuutarajia kwa umri wake. "Stima gani? Ilikuwa ikitoka wapi?"

"Hii ya chumbani."

Tochi ikabaki usoni pangu.

Kwetu bara stima ni umeme, na umeme ukikatika tunasema umepotea, kana kwamba ulikwenda sokoni. Kwa mzee yule stima ni meli. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Baadaye alinitajia MV Spice Islander, iliyozama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba na kuua mamia ya watu, na jinsi mji ulivyokuwa alfajiri ile watu wakikimbilia pwani. Hapa mtu hapigi kelele usiku kwamba chombo kimepotea. Nilimwomba radhi. Akasema hapana neno, kisha, labda kwa kunihurumia, akaniambia kwamba umeme wa Unguja hutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 ulipoharibika kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima.

"Basi hata hiyo stima yenu," alisema, "nayo huvuka bahari."

Siku ya tatu tulipangiwa Jambiani, pwani ya mashariki. Niliwahi mapokezi nikamwuliza dada wa pale basi iko wapi. Sasa, katika kinywa cha mtu wa kwetu, herufi b na p ni mtu na binamu yake. Huingiliana nyumba bila hodi. Dada alisema "ngoja kidogo, kaka," akaniletea pasi ya nguo. Sikutaka kumwaibisha. Nilipiga shati pasi, nikamrudishia, na basi ikanisubiri, wenzangu wote wakiimba jina langu dirishani.

Jambiani tulifika tukakuta bahari haipo. Sizidishi. Palikuwa na mchanga mweupe, madimbwi, ngalawa zimelala ubavu, na mbali sana mstari wa povu. Dereva wa lori alitaka kujua kama tutarudishiwa pesa. Tukaambiwa maji yamekupwa, yatajaa. Wanawake walikuwa huko katikati wakihudumia mashamba yao ya mwani, vijiti vimechomekwa na kamba kufungwa mstari kwa mstari, kilimo walichonacho tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Sisi wauza mbegu tulikwenda kuangalia nafasi kati ya mche na mche. Walitushinda kwa kunyoosha mistari.

Ndipo vijana wa pale wakauliza tunatoka wapi, nami nikasema Eldoret.

"Eldoret! Kwa Kipchoge!"

Nataka nizungumze jambo hili kwa utulivu. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 kule Vienna, Oktoba 2019, kwa saa 1:59:40, alifanya jambo kubwa kwa binadamu wote isipokuwa sisi wanene wa Uasin Gishu. Kabla ya hapo mtu wa Eldoret angeweza kwenda popote na kitambi chake akaaminiwa. Siku hizi ukitaja mji, macho hushuka kwenye miguu yako. Nilieleza kwamba mimi ni wa stoo. Wakasema bingwa wa kweli hujishusha. Meneja, ambaye mshahara wangu uko mikononi mwake, akasema tusiiaibishe kampuni.

Nikavua viatu. Vilikuwa viatu vyangu vya ofisini, vyeusi, vya ngozi, kwa sababu sikujua watu huvaa nini likizoni. Nikaviweka vizuri, jozi, karibu na kijiti cha mwani. Tulikuwa tukimbie mpaka kwenye ngalawa moja na kurudi. Kijana aliyenishinda alikimbia akiwa na simu mkononi, akinipiga picha, na sehemu kubwa ya njia alikimbia kinyumenyume. Mimi ngalawa niliifikia. Kurudi ndiko kulikonishinda, maana nilikanyaga kitu nikadhani nimekanyaga nungunungu. Walikiita shokomzoba. Nilibebwa na mhasibu na dereva mpaka kijijini, ambako mama mmoja alinipaka utomvu wa papai bichi kwenye unyayo huku akinipa pole kila mwiba.

Pole zilikuwa nyingi, kwa kuwa miiba ilikuwa mingi. Tuliporudi ufukweni bahari ilikuwa imesharudi kazini. Pale kwenye kijiti palikuwa na maji ya kifua, samawati, mazuri kama kwenye picha za tangazo, na kiatu changu cha kushoto kikielea taratibu kuelekea Mombasa. Dereva alikiokoa. Cha kulia hatukukiona.

Nilirudi Eldoret kwa kandambili, usiku, baridi ikinilamba vidole kuanzia Burnt Forest. Mama aliuliza watu wa ng'ambo waliyaonaje maziwa yake. Nikamwambia yaliishia mikononi mwa serikali, nayo ilisema si mabaya. Ameyaandaa mengine.

Kama utafika Jambiani maji yakiwa yamekupwa, ukaona kiatu cheusi cha kulia, nambari 43, chenye soli mpya, ni changu. Cha kushoto ninacho.