Chalii, Usichane Hiyo Karatasi

Mtchew! Jamani, tusidanganyane. Hapa Tengeru kijana akionyesha mchoro wake, swali la kwanza kutoka kijiweni ni lile lile: "Sasa huyu nani? Mbona hafanani?" Tumekaa kwenye benchi, kikombe cha kahawa mkononi, kashata mdomoni, tunatoa hukumu. Kijana anakunja karatasi, anaisokomeza mfukoni. Siku nyingine anaanza kufuta kabla hajamaliza. Mwezi ukiisha daftari limebaki jalada, kurasa kazichana mwenyewe, na tunasema hana bidii.

Kipimo hicho tumekitoa wapi? Kwenye simu. Tumeona picha za penseli za marais na wachezaji mpira, zimechorwa mpaka vinyweleo, tukaamua kwamba uchoraji ndio huo na hakuna mwingine. Wanaozichora nawaheshimu, ni kazi ya macho na subira. Lakini kumpa kipimo kile mtu aliyeanza juzi ni kumfungia mlango.

Edward Saidi Tingatinga mnamjua kwa jina, sivyo? Basi mjueni na kwa kazi. Alizaliwa 1932 huko Tunduru, akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani. Chuo cha sanaa hakukikanyaga. Alipoanza kuchora kwa dhati, mnamo 1968, alishapita miaka thelathini na mitano. Alitumia rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya ubao mgumu, kama sentimita 60 kila upande. Picha ziliuzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores.

Mtazameni chui wake. Mara nyingi mnyama ni mmoja tu, yuko peke yake katikati ya ubao, nyuma yake rangi tupu. Mwili umekaa ubavu, uso umekugeukia wewe, madoa yamepangwa moja moja. Ukimpeleka Serengeti kumlinganisha na chui mwenye uhai, hawafanani hata kidogo. Na bado ukimwona ukutani unajua papo hapo ni mkono wa nani.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi akafa; walimdhania mhalifu anayekimbia. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi. Minne tu! Angeitumia miwili ya kwanza kuchana mbao zake kwa sababu chui hajakaa sawa, asingebaki hata mwanafunzi mmoja wa kuendeleza. Lakini ndugu na majirani aliowafundisha waliendelea kupaka rangi zile zile, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika.

Hapo najua kuna mzee atadakia: huyo hakusoma, aliyesoma angechora "vizuri". Haya, twende jirani, Machame. Sam Ntiro alizaliwa huko 1923. Alisoma Makerere kwa mwalimu Margaret Trowell, akaenda Slade, London, shule ya sanaa yenye jina kubwa. Tulipopata Uhuru 1961 ndiye aliyekwenda kutuwakilisha Uingereza. Mtu huyo, na elimu yote hiyo, alichora nini? Migomba. Watu wanachuma kahawa, watu wanajenga nyumba. Watu wenyewe ni wadogo, wamechorwa kwa ufupi, nyuso bila mbwembwe, na kijani kimejaa kila kona. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ilichukuliwa na Museum of Modern Art ya New York. Slade haikumtoa Machame mkononi.

Na sisi je? Tumezungukwa na migomba kuanzia hapa mpaka Nkoaranga, ziwa Duluti liko hapo chini, mlima Meru unatukodolea macho kila asubuhi wingu likiondoka, halafu chalii anahangaika na simba aliyemwona kwenye simu! Anauliza, "Mtindo wangu ni upi?" na daftari jeupe. Mtchew. Mtindo haukai mahali ukikusubiri uutafute. Ni mazoea ya mkono wako ambayo umeacha kuyaonea aibu. Ile shingo ndefu unayoifuta kila mara, labda ndiyo yako. Chora kina mama wauza ndizi mpaka uchoke, kisha panga karatasi zote chini, uone ni kitu gani kinajirudia bila wewe kukiita.

Simaanishi kutojifunza. George Lilanga alitokea kwenye uchongaji wa Kimakonde, kazi yenye wazee na taratibu zake, na alipoanza kupaka rangi alikuja na mashetani yake, masikio makubwa na midomo yake, yakacheza kwenye ubao kama yalivyocheza kwenye mpingo. Hata kunakili tembo na Kilimanjaro kwa ajili ya maduka ya watalii pale Arusha mjini si dhambi. Mkono unazoea brashi, na kodi ya chumba inalipika. Kinachoniuma ni kijana mwenye miaka kumi kwenye ufundi ambaye hajawahi kuthubutu kuchora mtaa wake, kwa kuogopa tu kwamba utatoka vibaya.

Chalii, Jumamosi gulio likifurika kaa pembeni na kalamu ya wino. Penseli iache nyumbani, maana inakuja na kifutio. Mtu akiinuka hujammaliza, mwache nusu, geuza ukurasa, anza mwingine. Andika tarehe. Usichane.

Nanyi wazee wangu, akija na daftari muulizeni alikaa wapi na aliona nini, na kama kuna picha imewagusa, muulizeni bei. Mwenye kipande cha ubao kilichobaki alipopiga dari asikichome kuni, alete hapa kijiweni. Na kopo la rangi ya geti likibaki nusu, lije pia.