Mhadhara wa Kwanza na wa Mwisho Kuhusu Geji ya Mafuta

Mheshimiwa mgeni rasmi (ambaye ni mimi), ndugu mafundi, ndugu madereva, na ninyi mliojipanga nyuma karibu na sinia la sambusa: tulieni. Nimeombwa na nafsi yangu nizungumzie jambo ambalo wasomi wengi wamelikwepa, nalo ni geji ya mafuta inayosema uongo kwenye gari kuukuu. Wasifu wangu mnaujua. Kwa wasioujua, shahada yangu niliipata nikiwa chali uvunguni mwa gari, mgongo juu ya boksi, na hadi leo hakuna chuo kilichothubutu kuipinga.

Tuanze na dhuluma. Katika ofisi nyingi za nchi hii kuna dereva anayeitwa mwizi kwa sababu ya mshale. Asubuhi bosi anachungulia dashibodi, mshale uko nusu. Jioni anachungulia tena, umelala kwenye E. Gari limekwenda benki na kurudi tu. Kikao kinaitishwa, kitabu cha safari kinakaguliwa, mlinzi anahojiwa kama aliona mpira wa kunyonyea. Na katika watu wote waliokula soda ya kikao hicho, hakuna aliyeuliza tangi lina umbo gani. Tangi, ndugu zangu, si ndoo. Mara nyingi limeminywa kufuata sakafu ya gari, pana juu, jembamba chini. Mafuta yakishuka sentimita moja kule juu, lita nyingi zimekwenda. Yakishuka sentimita hiyo hiyo kule chini, zimekwenda chache. Ndiyo maana nusu ya kwanza hudumu wiki, na ya pili huisha kabla ya Ijumaa. Bosi aliyeko humu asinitazame hivyo.

Sasa andikeni. Ndani ya tangi kuna boya, limeshikwa na mkono mwembamba wa waya mgumu. Boya likipanda au kushuka, mkono huo huburuta kidole cha shaba juu ya kipande chenye ukinzani wa umeme. Ukinzani ukibadilika, umeme unaopita kwenye geji hubadilika, na mshale hufuata. Basi. Mshale hauna maoni yake binafsi, unasema ulichoambiwa. Ajabu ni kwamba ndio unaokamatwa kwanza: dashibodi inafumuliwa, geji ya mtumba inanunuliwa, inafungwa, nayo inasema uongo ule ule kwa lafudhi mpya.

Mfano wangu ni Landrova Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Chukueni ile fupi, ya 88. Tangi lake la lita 45 hivi liko chini ya kiti cha mbele upande wa kulia, yaani dereva wetu anayakalia mafuta mwenyewe na bado hajui ni kiasi gani. Inua kiti, fungua milango hewa ipite, washa swichi bila kupiga injini, kisha chomoa ule waya mmoja unaotoka kwenye geji. Mshale utelemke E. Halafu uguse waya huo kwenye chuma kisafi cha bodi, mbali na tangi, kwa sekunde chache, na wenye akili hupitishia balbu ndogo katikati ili geji isiungue. Mshale upande kuelekea F. Msitarajie uruke! Ndani ya geji hizi kuna ukanda wa metali mbili unaojipinda ukipata joto, hivyo mshale hutambaa taratibu kama mtumishi wa umma saa nane mchana.

Ukipanda, geji ni nzima na waya ni mzima, mgonjwa yuko tangini. Usipopanda, fuata waya na fyuzi kabla hujamtukana mtu. Lakini onyo kwa wanaojua kidogo: Chevrolet nyingi za zamani ziko kinyume, omu 0 tangi tupu, omu 90 limejaa. Ukigusisha waya wake kwenye bodi, mshale huenda E, na fundi mwenye kichwa kimoja tu cha Landrova atakufungulia geji isiyo na kosa lolote, kisha akudai hela ya kuifungua.

Kabla hujang'oa chochote, jaribu ethi. Chukua kipande cha waya, unganisha kifuniko cha kifaa cha tangini na chesisi. Mshale ukirudiwa na fahamu, ugonjwa wako ulikuwa kutu, na dawa yake ni msasa. Nusu ya gari zenu zingepona hapa, ila hamtaki tiba ya bei rahisi.

Kuna wanaolalamika kwamba geji ya mafuta na ya joto la injini zinapanda pamoja. Hao wanashangilia tangi limejaa huku wanalia gari limechemka. Tangi liacheni. Nyuma ya dashibodi kuna kikopo kidogo cha chuma kinachoshusha umeme wa betri hadi wastani wa volti 10. Kikikosa ethi au kikifa, geji zote mbili hutia chumvi.

Nasikia mzee wangu kule nyuma anasema yeye hutumbukiza fimbo. Shikamoo, mzee. Fimbo ni sahihi kuliko geji, na kwa sababu hiyo haitatajwa tena katika mhadhara huu.

Tukifika kwenye kung'oa: mafuta yawe kidogo, hasi ya betri ichomolewe, na fundi anayevuta sigara apelekwe wilaya nyingine. Skrubu zitakuwa zimeliwa na kutu. Zipe mafuta na subira. Likitoka boya, lifute, liweke sikioni, litikise. Ukisikia chwa-chwa, limelewa. Boya la shaba lililotoboka huzama, na geji itasoma E hata ukitoka sheli sasa hivi. Lizamishe kwenye maji ya moto, vipovu vitaonyesha tundu. Kulitia lehemu likiwa bado na petroli ni njia ya kuhama dunia, kwa hiyo nunueni jipya. Boya likiwa kavu, weka multimita, upandishe mkono polepole. Namba ziteremke bila kurukaruka. Zikiruka, njia ya kidole imechakaa au ni chafu: puliza dawa ya kontakti, na huo msasa niliousifu muda si mrefu uwekeni mbali.

Mwisho ni kupima. Tangi tupu, mimina lita tano, subiri mshale utulie, weka alama. Tano nyingine, alama nyingine, hadi lijae. Mwenye kidumu cha lita tano anyooshe mkono.

Hakuna? Basi mafunzo kwa vitendo yameahirishwa. Fomu ya posho ianzie kushoto. Mzungumzaji hasaini, yeye alishachukua yake mlangoni.