Mwenye Mtumbwi Anaishi Mlimani

Butembo iko juu mlimani, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na maji makubwa tunayoyajua ni yale ya mvua yanayogeuza barabara kuwa matope. Hata hivyo, mimi mkaaji wa huku, ninayelala chini ya blanketi mbili na nisiyejua kuogelea, ni mwenye mtumbwi. Uko Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward, na nimeukodisha kwa wavuvi.

Mapatano yetu hayana utata. Mtumbwi na injini ni vyangu. Nyavu na mikono ni yao. Wakirudi na samaki, pesa ya petroli inatolewa kwanza, kinachobaki tunagawana. Ukiipiga hesabu hiyo mezani, na chai mkononi, unaweza kuanza kutafuta kiwanja.

Kisha simu inalia.

“Papa, jambo. Umeamka vizuri? Mama yuko? Watoto wote wazima? Na baridi ya huko Butembo?” Siku hizi tundu la mtumbwi napima kwa urefu wa salamu. Nahodha akiuliza habari za mama, pangaboi limekatika. Akifika kwa watoto, ubao umepasuka. Siku aliyoulizia afya ya shangazi yangu wa Beni, niliketi chini kwanza kabla ya kumjibu.

Mshtakiwa wa kudumu ni kiboko. Katika miaka ya 1970, viboko wa Hifadhi ya Virunga walikadiriwa kuwa karibu 29,000. Vita na ujangili vikawamaliza, hata katikati ya miaka ya 2000 hawakufika 1,500. Ni habari ya kusikitisha, nami nilisikitika kwa dhati, mpaka nilipoanza kupokea ripoti za nahodha. Kwa maelezo yake, viboko wote walionusurika wana kinyongo na mtumbwi mmoja tu, na ni wangu. Hawagusi wa jirani.

Nilipoteremka mwenyewe kwenda kumtazama mwathirika, nilikuta ubavu wa kushoto umechubuka kwa mstari mrefu ulionyooka, na ndani ya mchubuko kuna rangi ya buluu. Nikauliza, “Kiboko huyu anapakwa rangi?” Vijana wakatazama ziwa. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu akakohoa, akasema mtumbwi wa buluu ni ule pale.

Ndipo nikajua kwamba nimekodisha chombo cha mashindano. Alfajiri, akina mama wanunuzi wanasubiri ufukweni na mabeseni yao, na anayetia nanga kwanza ndiye anayepata bei. Basi wavuvi waliokesha kwa amani ya Mungu, kila mmoja na nyavu zake, kukipambazuka wanakuwa maadui. Injini inafunguliwa mpaka mwisho, mmoja anachota maji kwa bidoni iliyokatwa, mwingine anamtukana jirani, na petroli niliyoambiwa imeliwa na upepo inateketea katika dakika hizo za mwisho. Niliwaona kwa macho yangu. Walishinda. Ninakiri nilipiga makofi.

Usiku mwingine kamba ilikatika, mtumbwi ukaondoka bila abiria. “Usihofu, papa,” nahodha akanituliza, “maji yana njia moja tu ya kutokea.” Hapo ndipo hofu ilipoanza, kwa maana jiografia ya shule ya msingi bado ninayo. Njia hiyo ni Ishango, unapoanzia mto Semliki. Semliki unaingia Ziwa Albert. Ziwa Albert linatoa maji kwa Nile. Nile unaishia Misri. Nilikuwa nimeanza kuwaza nani ananijua Cairo, wakaupata umenasa kwenye matete, na kambale mmoja ndani yake. Kambale huyo ndiye samaki pekee niliyewahi kupokea bila kukatwa gharama yoyote.

Kwa kawaida mgao wangu hupanda mlima ukiwa makayabo, ndani ya kikapu kilichofungwa nyuma ya pikipiki. Kikapu kinatoka Kyavinyonge kimejaa na kufika Butembo kimepungua. Motari anasema ni chumvi: samaki akikauka anasinyaa. Nakubali anasinyaa. Sijaona bado anavyosinyaa kwa idadi.

Juzi jirani yangu anayeuza vitenge alikuja kuniuliza kama naye anunue mtumbwi. Nikamwambia ukweli mtupu: mtumbwi una faida, na ushahidi upo. Nahodha wangu ameezeka nyumba kwa mabati. Muuza petroli ameongeza chumba cha pili. Fundi wa injini anajenga kwa matofali ya kuchoma. Wote wamejengewa na mtumbwi huo huo mmoja.

Jirani alifikiri kwa makini, kama mfanyabiashara wa kweli wa Butembo. Kisha akaniuliza ufundi wa injini unafundishwa wapi.